Mwito wa Tatu

Mai Mahiu,
Jumapili, 12 Januari 2025

Kwako mama yangu Wangechi,

Usishtuke kuona barua. Hapa hakuna aliyelazwa wala aliyekamatwa. Nimempa Quincy, yule wa pikipiki anayetuletea samaki kutoka huko kwenu Kamere, akufikishie mkononi, kwa sababu simu imenishinda. Nikiiweka sikioni nasikia kama mtu anasaga mahindi mtaa wa pili. Juzi uliponipigia nilikuwa nasema tu ndiyo, ndiyo, na ukweli ni kwamba sikushika hata neno moja. Ujumbe wa kuandika kwa simu nao siuwezi, vidole hivi vya spana vinabonyeza herufi tatu mara moja.

Masikio yameziba, mama. Yote mawili, la kulia zaidi. Miaka thelathini na moja nimelala chini ya malori hapa stendi, vumbi la barabara na dizeli vikinimwagikia usoni, sasa naona vyote viliamua kukaa humo. Mimi niliyekuwa nikiweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini sikioni, nikamwambia dereva nozeli ya nne imekufa, leo sisikii jogoo akiwika dirishani.

Nimejaribu dawa za nyumbani. Nilianza na kijiti cha kiberiti, nikaenda kwa unyoya wa kuku. Halafu Kemboi, taniboi wa lori moja, mtu wa Kaptembwo, akaniambia kwao wanasokota gazeti, wanaliingiza sikioni na kuwasha ile ncha ya nje, eti moshi unavuta uchafu wote. Niliungua nywele za upande mmoja. Mama yako alicheka mpaka akaketi chini, na ndipo akanipeleka dispensari kwa nguvu.

Nesi wa pale anaitwa Cherop. Alinimulika na tochi akatikisa kichwa. Anasema nta imekauka kama simiti, na hivyo vijiti vyangu ndivyo vimeisukuma ndani. Amenipa kichupa cha mafuta ya zeituni, nitie matone asubuhi na jioni, niweke pamba, ikilainika anioshe kwa sirinji na maji ya uvuguvugu. Ameniambia nifanye sikio moja kwanza, likifunguka ndipo niende la pili. Hataki nikae bila sikio hata moja, kwa sababu mafuta yakiingia nta hufura na mtu huziba kabisa siku kadhaa.

Mama yako anakusalimu. Bado ananiita mara tatu kama kawaida, na bado naitika ya tatu. Unajua mchezo wetu: mwito wa kwanza ni wa upepo, wa pili ni wa majirani, wa tatu ndio wangu. Tofauti ni kwamba siku hizi hiyo miwili ya kwanza siisikii kweli, na yeye hataki kuniamini.

Baba yako,
Muiruri


Kamere,
Jumapili, 19 Januari 2025

Baba,

Nimecheka na nimekasirika. Gazeti la moto sikioni, baba? Ungechoma nyumba. Tupa hivyo vijiti vyote, na huyo Kemboi mwambie ajaribu yake.

Sasa nisikilize, maana nakujua. Huyo nesi anasema vizuri lakini mambo ya sikio moja kwanza yatatuchelewesha. Huku shambani tuko kwenye msimu wa maua ya wapendanao. Siku zote za ofu zimefungwa mpaka tarehe kumi na nne Februari, tunaingia gredi kupanga maua alfajiri na supavaiza anatuhesabu hata tukienda choo. Nimeomba siku moja tu nikapewa, Jumatatu tarehe kumi na saba. Siku hiyo nitakuja nikuchukue nikupeleke kliniki ya masikio Naivasha, wana mashine nzuri, waoshe yote mawili tumalize. Nikikosa siku hiyo sijui nitapata nyingine lini.

Kwa hivyo ufanye hivi. Jumatatu tarehe kumi uanze mafuta masikio yote mawili. Matone manne asubuhi, manne jioni, ulale ubavu dakika kumi kila upande, halafu uzibe na pamba. Vaa ile kofia yako ya marvin ya kijani uivute mpaka chini isije pamba ikaanguka. Hiyo wiki hutasikia kitu, usiogope. Mama yuko, atakuwa masikio yako. Ni wiki moja tu.

Na usianze kuniambia nesi alisema. Si ulinipa jina la mama yako? Si kila siku unaniita mama? Basi leo mama yako amesema, masikio yote mawili. Ukibishana nitakuchapa kama alivyokuwa akikuchapa.

Mwambie mama asibebe maji mengi, mgongo wake naujua. Kuna leso ninamnunulia ikipita hii kazi ya maua.

Wako mtiifu (wewe ndiye mtiifu, mimi ni mama),
Wangechi


Mai Mahiu,
Jumapili, 2 Februari 2025

Kwako mama yangu,

Barua yako nimeisoma kwa sauti ili mama yako naye asikie. Nilipofika pale pa kuchapwa alipiga makofi. Anasema hatimaye kumetokea mtu wa kuniweza.

Nitafanya ulivyosema. Nilikuwa na maneno ya kujitetea, lakini mama yangu mzazi alikufa nikiwa sijamtii hata mara moja, na nilipokupa jina lake niliapa kwamba huyu wa pili nitamsikiliza. Cherop atanikasirikia, tutamaliza naye baadaye. Kichupa kiko juu ya kabati, pamba iko, marvin iko. Tarehe kumi naanza.

Mama yako amesema wiki hiyo hataniita kabisa. Akinitaka atakuja anivute shati. Nimemwambia avute mara tatu.

Tangi letu lina ufa juu, maji yanapungua hata kama mvua imenyesha. Nitalipanda kuliziba nikishapona. Mama yako anasema atapanda yeye kama mimi naona uvivu. Unamjua.

Tunakungoja tarehe kumi na saba. Atachinja yule jogoo nisiyemsikia.

Baba yako,
Muiruri


Kamere,
Jumapili, 9 Machi 2025

Baba,

Nimeanza barua hii mara nne. Tangu tumzike mama sijaweza kukutazama, na nadhani uliona. Nilitoka matangani bila kukuaga kwa sababu ya jambo ambalo jirani yako Mama Kimberly aliniambia tukiosha sufuria nyuma ya nyumba.

Alikuwa analia akinieleza. Alisema ile Alhamisi tarehe kumi na tatu alikuwa akianika nguo upande wake wa ua. Akamsikia mama anaita, Baba Wangechi, Baba Wangechi. Si mara tatu. Mara nyingi. Akachungulia juu ya ua akakuona umeketi mlangoni na ungo wa maharagwe, unachambua, hata hukugeuza kichwa. Tangi hakuliona, liko nyuma. Akajiambia ni ule mchezo wenu wa kila siku, mzee anangoja mwito wake. Akachukua kikapu akaenda sokoni. Baba, aliniambia maneno haya akinishika mkono, na mimi ndiye niliyelazimika kumwambia pole.

Mama alikuwa chini ya tangi, ngazi imemwangukia, damu inavujia ndani. Daktari aliyempima alisema alikaa karibu saa nzima. Alisema angefikishwa mapema labda wangemshika. Kutoka mlangoni pako mpaka kwenye tangi ni hatua kumi na tano. Nilizihesabu siku ya mazishi watu wakiimba.

Nilikuuliza, unakumbuka. Tulikuwa tumesimama kando ya lile hema. Nilikuuliza kama ulikuwa na mafuta na pamba masikioni siku ile. Niliomba useme ndiyo. Ulinitazama ukasema hapana, uliamua kungoja nije, kichupa hukukigusa. Basi ulikuwa na masikio yako yale ya siku zote, na yale yalikuwa yanasikia mwito wa tatu. Uliniandikia mwenyewe.

Wiki ile sikupiga simu hata mara moja. Nilikuwa nafunga maua ya watu wapeane mapenzi, na nyumbani mama alikuwa anamwita mumewe na mumewe ameketi. Ulikuwa unangoja ya ngapi, baba? Ya kumi? Mlikuwa mmekosana? Niambie mlikuwa mmekosana, hata hilo lingenisaidia.

Nimewaambia wenzangu wa gredi kwamba mama yangu alianguka. Wanaponiuliza baba alikuwa wapi, ninasema hakuwepo.

Sitaandika tena. Ile leso niliinunua, iko kwenye begi, sijui nimpe nani.

Wangechi


Mai Mahiu,
Jumapili, 16 Machi 2025

Kwako Wangechi,

Nimepata barua yako. Quincy alikaa akingoja jibu lakini nikamwambia arudi wiki ijayo, nikaandika leo.

Yote uliyosema ni kweli. Mafuta sikuweka. Niliona ni usumbufu. Hatukuwa tumekosana, mama yako alikuwa ameniletea chai na mihogo asubuhi ile na tukacheka. Nilikuwa nangoja ya tatu kama kawaida, na labda maharagwe yalinishika akili. Nilipoona saa imekwenda na hajanivuta shati, nikazunguka nyuma. Sina la kuongeza.

Usimkasirikie Mama Kimberly. Amepita hapa mara mbili na uji, anauacha kwenye kizingiti na kwenda. Kosa si lake.

Wewe pia huna kosa lolote. Nataka ulisome hilo vizuri. Ulikuwa kazini, na uliniandikia mambo ya msaada na ya upendo, na mama yako aliifurahia barua ile sana. Mtu yeyote akikuambia ungefanya hivi au vile, mwambie baba yako amesema huna kosa.

Kama hutaki kuandika, sawa. Nitakuwa nikimwuliza Quincy tu kama uko mzima. Leso mpe mama yeyote unayemheshimu huko, isikae kwenye begi ikaliwa na nondo.

Kuku wake wanane wapo. Ngazi nimeikata kuni.

Muiruri


Mai Mahiu,
Jumapili, 11 Mei 2025

Kwako dada Wangechi,

Hatujaongea sana, ila tulisalimiana kwenye mazishi ya mama. Mimi ni Cherop, nesi wa dispensari ya hapa. Nimechukua jina lako na njia ya kukufikia kutoka kwa Quincy, naomba usinione nimeingilia mambo ya familia.

Ni kuhusu mzee. Masikio yake hayajaoshwa mpaka leo. Kila nikipita kwake ananikataza kwa mkono. Wiki jana lori lilikuwa likirudi nyuma pale stendi na yeye amesimama nyuma yake ameinama anaokota kitu. Dereva alipiga honi mpaka watu wakatoka kwenye hoteli, mzee hakusikia. Kijana mmoja wa tairi ndiye aliyemvuta. Mimi nimehamishwa, mwisho wa mwezi huu naenda kituo cha Njoro, na ningependa nimwache amefunguka. Wewe anakusikiliza. Hilo nililiona mwenyewe.

Najua alikueleza yote ya siku ile kwa hivyo sitaki kukurudisha huko. Lakini naona ndipo shida ilipo, ndiyo maana nasema. Walipomleta mama kwa lori la mchanga alikuwa ameshakata roho njiani. Nikatoka kumwambia mzee. Nikasema mara mbili, akawa ananitazama mdomo tu. Nikamvua ile kofia nikakuta pamba masikio yote mawili, imelowa mafuta. Niliitoa mimi mwenyewe, na bado hakusikia, nta ilikuwa imefura. Mungu anisamehe, nilimgombeza. Nikamwonyesha kwa vidole, moja, moja, si nilisema moja? Akaingiza mkono kwenye shati akatoa barua yako, akanionyesha ile sehemu, masikio yote mawili, akasema, "Mama yangu aliniambia." Sikuelewa, nikadhani amechanganyikiwa. Baadaye ndipo watu waliniambia wewe una jina la mama yake.

Sikuwa na karatasi. Nikaichukua hiyo barua nikaandika nyuma yake kwamba mama ametuacha, pole mzee. Aliisoma, akaikunja vizuri, akairudisha pale pale kifuani. Hakulia mbele yangu. Alisema tu, "Basi alikuwa akiita." Nikamwambia sijui.

Mafuta yale ndiyo anayoogopa sasa, nadhani. Ukija ukiwa naye labda atakubali. Nitamwosha bila haraka, na safari hii tutaenda upande mmoja mmoja. Sikuandikii kukulaumu hata kidogo. Wengi huniambia wameziba yote mawili ili wamalize mara moja, na huwa hakuna kinachotokea.

Wako,
Cherop


Kamere,
Jumatano, 14 Mei 2025

Baba,

Cherop ameniandikia. Alidhani najua.

Niliisoma nikiwa kwenye laini ya chakula cha mchana, nikatoka na sahani tupu nikaenda kukaa nyuma ya grinihausi mpaka supavaiza akaja kunitafuta. Nilimwambia nimepata habari za msiba. Akaniambia pole, mama alishazikwa, sivyo? Nikasema ndiyo, alishazikwa.

Uliniongopea, baba. Ukiwa umesimama kando ya hema, na barua yangu iko kifuani mwako. Nilikuuliza nikitaka useme ndiyo, na sikujua nilikuwa naomba nini. Kumbe uliona kabla yangu. Ukaniacha nikuchukie miezi mitatu. Nimewaambia watu hapa kwamba sina baba. Sue tunayelala naye chumba kimoja ameniuliza mbona siku hizi sikutumii unga kupitia Quincy, nikamjibu kwamba alimwacha mama yangu afe akichambua maharagwe. Nilisema hivyo nikichana nywele, baba, kama kitu cha kawaida.

Nesi alisema moja. Uliniandikia kwamba alisema moja, na sababu yake ulinieleza vizuri. Mimi nikaona siku yangu ya ofu ndiyo kubwa kuliko. Nikacheka nikasema mama yako amesema. Nilikuandikia kwamba mama atakuwa masikio yako, na sikufikiri hata dakika moja ni nani atakuwa masikio ya mama. Nimejaribu kujiambia ni ngazi, ni ufa wa tangi, ni Mama Kimberly. Kila nikifika mwisho wa hesabu nakuta mwandiko wangu.

Kwa nini ulinikubalia nikutukane? Kwa nini ulisema ulikuwa unangoja ya tatu? Nijibu, hata kama jibu litaniuma.

Sitakuandikia tena uweke mafuta, siwezi kuyaandika maneno hayo. Nimeomba likizo bila malipo. Jumapili tarehe ishirini na tano nitakuja, nitatia matone kwa mkono wangu mwenyewe, sikio la kulia peke yake, na nitaketi hapo karibu nawe siku zote mpaka lifunguke. Ukikataa nitakaa tu. Sina amri tena, baba. Naomba.

Hiyo barua nataka unipe. Ni yangu, niibebe mimi.

Mwanao,
Wangechi


Mai Mahiu,
Jumapili, 15 Juni 2025

Kwako mama yangu Wangechi,

Ulipokuwa hapa sikukujibu yale uliyouliza. Ulikuwa ukinipikia, ukinilaza ubavu, ukinihesabia matone, na kila nikitaka kusema naona unalia tena. Mimi mambo mazito nayaweza kwa kalamu. Sasa keti mahali pazuri usome.

Sikio la kushoto limeoshwa juzi na huyu nesi mpya. Lilitoa donge kubwa kama punje ya hindi. Lile la kulia ulikuwepo ukaona. Sikukuambia kitu cha kwanza nilichosikia Cherop alipovuta maji yakatoka. Nilisikia wewe ukivuta makamasi kwenye benchi. Nilifurahi kwa sababu ni wewe, halafu nikasikia na nyumba nzima ya dispensari, viti, viatu, mtoto akikohoa, na nikajua hakuna sauti nyingine ninayoingoja. Ndiyo sababu nilikuwa nakataa, mama. Sauti ya mwisho iliyonifikia kabla mafuta hayajaziba ilikuwa yake, Jumatatu ile, akisema chai inapoa. Nilitaka ibaki ya mwisho.

Umeuliza kwa nini niliongopa. Wewe una miaka thelathini na miwili. Mimi nina sitini na tisa. Mzigo ulikuwa mmoja na ilibidi mmoja wetu aubebe. Nikahesabu nikaona mimi nitaubeba muda mfupi, na wewe ungeubeba mpaka uzeeke. Nilijua utanichukia, na nilisema afadhali anichukie mimi kuliko ajichukie yeye. Niliumia, sitakudanganya tena. Ulipoondoka matangani bila kuniaga nilikaa kwenye hema mpaka wakaja kulifungua. Lakini nisingekuambia hata leo kama Cherop asingeandika.

Sasa hili lingine lisome mara mbili. Uliniandikia kwamba kila ukifika mwisho wa hesabu unakuta mwandiko wako. Mimi nikifika mwisho nakuta mchezo wangu. Pamba ilinizuia mimi kusikia. Mama Kimberly hakuwa na pamba. Alimsikia vizuri, na akaenda sokoni, kwa sababu miaka yote hiyo nilimfundisha yeye na mtaa mzima kwamba mama yako Waithera akiita, ni mzaha, mwacheni mzee angoje mwito wake. Watu walikuwa wakicheka nasi, nami nikiona fahari. Ningekuwa naitika mara ya kwanza kama waume wengine, siku ile angekimbia kuja kuniuliza kuna nini. Kwa hivyo usijitwike peke yako.

Kuna jambo linalonisumbua zaidi ya yote na sina mwingine wa kumwambia. Alijua nina pamba. Alikuwa ameahidi hataniita, atanivuta shati. Alipoanguka alijua kabisa sisikii, na bado aliita jina langu, hakuita la jirani. Nimejaribu kuacha kuliwaza jambo hili nimeshindwa.

Mama Kimberly alikuja Jumanne. Safari hii hakuacha uji mlangoni, aliingia. Nilimwambia ukweli wa pamba, kwamba kweli sikusikia. Alipiga magoti hapa jikoni. Nilimwinua tukanywa ule uji. Sue wako mwambie baba yako ni fundi wa malori na hapendi kuchambua maharagwe.

Ile barua uliyoitaka usiitafute. Ulipokuwa hapa uliniuliza nikasema sijui ilipo, na ilikuwa kifuani. Asubuhi uliyoondoka niliiwasha jikoni nikachemshia chai. Upande mmoja ulikuwa na utani wako na upande wa pili habari ya mama yako, na sikutaka mtu yeyote akae akigeuza karatasi hiyo mkononi. Nimebakiza kichwani ule mstari wako wa leso tu. Leso yenyewe nimeitandika juu ya kiti chake, asante kwa kuileta.

Tangi nimeliziba. Nilimwita kijana wa kulipanda, mimi nikashika ngazi.

Masikio yanafanya kazi vizuri mno, hata yananichosha. Nasikia malori yakishuka mteremkoni na ninajua lipi breki zimeisha. Nasikia kuku wake wakiparua. Upepo ukigonga mlango naitika. Sufuria ikianguka kwa jirani naitika. Jana mchana Mama Kimberly alikuwa akimwita mtoto wake kutoka ule upande wa ua, nami nikaacha ungo, nikasema naam, nakuja. Nilishtukia nimefika kwenye tangi, nimesimama pale natazama chini. Alikuwa ameita mara moja tu.

Ukipata ofu njoo. Ukifika getini usipaze sauti.

Ni mimi baba yako,
Muiruri